Mbuzi wa Bi Zena na Fainali ya Kibiti

Kabla hamjasikia kwa wengine, bora niseme mwenyewe: nilimfunga mbuzi wa Bi Zena kwenye kamba ya kuamia ndege, nikamwachia shamba la mama yangu, nikaenda Kibiti kucheza gemu. Ndiyo maana mpaka leo, niko kidato cha tatu na nina ndevu tatu ninazozijua kwa majina, nikisikia harufu ya moshi wa jenereta ya petroli sikumbuki umeme wala sinema. Nakumbuka mbuzi.

Kwetu Mtunda, mpunga ukianza kutia maziwa, kijiji kinahamia bondeni. Kila nyumba ina dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka hapo kamba za ukindu zinatambaa pande zote za shamba zikiwa zimening'inizwa makopo matupu na vipande vya bati. Ndege wakitua, unavuta kamba, makopo yanapiga kelele, ndege wanahamia kwa jirani. Jirani naye anavuta, wanarudi kwako. Ndiyo kazi yenyewe, tangu alfajiri mpaka jua lizame, na shule inajua kusubiri.

Msimu ule baba alikuwa visiwani huko delta akikata boriti kwenye mikoko, na salamu zake zilikuwa hodari wa kufika kuliko yeye. Shamba likawa la mama peke yake. Alilima, akapanda, akapalilia tope likimfika magotini, na chakula chetu cha mwaka mzima kikawa kimesimama pale bondeni kikingoja kukauka. Kisha ikaja Ijumaa ya arobaini ya shangazi yake, Ikwiriri. Hakuwa na namna ya kutokwenda. Alisimama chini ya dungu, kanga kichwani, akaniambia neno alilokuwa akiniambia kila asubuhi.

"Ndege hana Ijumaa, mwanangu."

Nikaitikia kwa adabu zote. Moyo wangu ulishafika Kibiti kitambo.

Lazima niwaeleze Kibiti ya wakati ule. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na pale barabarani vilikuwa vinashushwa vitu ambavyo babu zetu hawakuviota: mitumba kwa marobota, redio za rangi ya fedha, mpaka mchele wa nje uliokuja kwa meli, mweupe kama meno ya bandia. Kaka Shabani, ambaye sote tulimjua kama mkulima wa korosho wa kawaida tu, aliuza korosho zake, akapotelea Dar, akarudi na televisheni, jenereta na mashine ya gemu. Akajenga banda la mabati. Ndani kulinukia moshi, jasho na maandazi, na kwenye kioo wachezaji wadogo kama siafu waliovaa bukta walikimbizana na mpira. Sisi tuliokuwa tukichezea mpira wa makaratasi tuliingia mle kama watu wanaoingia msikitini, viatu mlangoni, wale wenye viatu.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Kaka Shabani aliandaa mashindano ya kwanza kuonekana upande wetu. Mshindi angebeba gunia la mchele wa nje. Watu wa bonde la mpunga tunagombania mchele wa meli, na hakuna aliyecheka.

Mbuzi wa Bi Zena, jirani yetu, alikuwa akirandaranda karibu na dungu, na ndipo akili ikanijia, ile akili inayowajia watu kabla ya msiba. Nilimfunga shingoni kwa ncha ya kamba kuu, nikamwekea majani ya viazi mbele kidogo ya pua yake. Akijivuta kuyafuata, kamba inakaza, makopo yanalia. Akichoka anarudi nyuma, halafu tamaa inampanda tena. Nilikaa nikamtazama, wallahi ilikuwa kazi safi. Nilijiona mhandisi. Jambo moja tu lilinipita: ukindu nao ni majani, na mbuzi ni mbuzi.

Baba Mwajuma, muuza samaki, alinipakia kwenye karia ya baiskeli yake ubavuni mwa tenga la perege, tukaenda. Nilinuka perege mashindano yote. Nadhani ilinisaidia, maana wapinzani wangu wawili wa mwanzo walicheza wamegeuza nyuso pembeni. Padi, ile ya kubonyezea gemu, ilinijaa mikononi, miguu yangu haikufika chini nilipokaa kwenye benchi, lakini nilifunga mabao, na watu wakaanza kuniita Profesa.

Nikaingia fainali. Upande wa pili alikaa Seif, kijana wa Mbwera aliyekuja na mashua ya boriti za baba yake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji ya chumvi, na hakuwa msemaji. Wenyeji wakamwandama, wewe mtu wa delta shika kafi, achana na vitu vya umeme. Yeye akatabasamu, akafuta padi kwa upindo wa msuli wake.

Wakati Kaka Shabani anaongeza petroli kidogo, kwa macho tu kama anavyotia chumvi mchuzini, Baba Mwajuma akaingia. Alikuwa amerudi bondeni kuchukua tenga la pili. Hakusema na mimi, alisema na banda zima.

"Mtunda leo kuna kazi. Kwelea wameshuka kama moshi. Shamba lisilo na mtu ndiyo basi tena." Kisha akaniona. "We si nimekuleta mimi? Nani yuko dunguni kwenu?"

"Yupo," nikasema.

 Ningetoka pale mbio, pengine ningekuta nusu ya shamba, au robo. Hilo nalijua sasa na nililijua hata wakati ule. Lakini gunia lilikuwa limeegemezwa ukutani chini ya televisheni, limejaa, limeshonwa mdomo, na mimi nikafanya hesabu ya kitoto: ndege wakila wa mama, nitampelekea huu. Tangu hapo sikuwa nacheza tena. Kila mpira niliokimbia nao ulikuwa sahani ya mtu nyumbani.

Seif alifunga la kwanza. Nikasawazisha. Halafu nikafunga la pili, bao ambalo wazee wa Kibiti waliokuwa wakichungulia dirishani wanalitaja mpaka leo: nilimpitisha yule siafu wangu katikati ya mabeki watatu, nikamzungusha kipa, nikaingia na mpira mpaka wavuni. Banda lilinguruma. Saa ya mchezo pale juu ya kioo ilikuwa inakwisha. Mimi nilikuwa nalia, machozi yanadondokea padi, na watu wakadhani ni furaha.

Jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena, na picha ikajikunja ikawa nukta katikati ya kioo, nukta ikazimika.

Watu walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Wengine walisema gunia ni la Profesa, wengine mpira ni mpaka kipenga. Kaka Shabani akamimina petroli, akavuta kamba ya jenereta, akainua mkono.

"Mashine hii ikizima haikumbuki kitu. Haijui nani alikuwa anaongoza. Tunaanza upya, sifuri kwa sifuri."

Nikakamata padi tena. Seif akaniinamia, akaninong'oneza peke yangu.

"Dogo, unatetemeka. Una homa?"

Nikatikisa kichwa. Akanifunga manne. Hakushangilia hata moja, na hilo ndilo liliniumiza zaidi, maana hata wa kumchukia sikumpata.

Nilikimbia Kibiti mpaka bondeni. Pale nilipochoka nilitembea, na nilipokuwa natembea niliomba dua. Niliomba kwamba ndege wamekosea shamba. Niliomba kwamba mbuzi amekuwa hodari. Nilifika jua bado lipo, na sikuhitaji kukaribia ili nijue. Mpunga wenye punje huinama. Wetu ulikuwa umesimama wima, shamba zima, kama wanafunzi mstarini. Makopo yalikuwa yamelala topeni. Mbuzi wa Bi Zena alikuwa amejilaza kivulini chini ya dungu, tumbo kama ngoma, kipande cha kamba kinatokeza mdomoni mwake kama mswaki.

Nikavua shati, nikalitandika, nikapiga magoti na kuanza kuokota punje topeni. Moja moja, na nyingi zilikuwa makapi. Sijui nilitaka kufanya nini. Labda nilidhani nikiokota kwa haraka, shamba nalo lingeanza upya, sifuri kwa sifuri.

Hivyo ndivyo mama alivyonikuta. Alikuwa bado amevaa kanga za arobaini, na mkononi ameshika kifurushi cha ubwabwa alichonifungia kule Ikwiriri kwa sababu alijua nimeshinda na njaa dunguni. Aliangalia mpunga, akaangalia mbuzi, akaangalia punje kwenye shati langu. Nilimweleza yote bila kuficha, kwikwi zinanikata maneno. Nilingoja kofi, na ningelipokea kama zawadi. Hakunipiga. Aliketi kwenye ngazi ya dungu, akafungua kifurushi, akakiweka mbele yangu.

Mwaka ule mama alivuna mashamba ya wenzake ili agawiwe kapu moja jioni, na mimi nilimfuata porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vinavyotaka uvichimbe mpaka uone aibu. Kila tulipokaa kula ming'oko mitupu, bila kitoweo, mama aliniomba nimhadithie tena ile fainali. Aliipenda pale kwa mabeki watatu. Alijua lini jenereta itakohoa, na bado alishika kifua. Mara nyingine alicheka mpaka akapaliwa, akasahau anachokula.

Kwa muda mrefu niliyaona maneno yake ya jioni ile pale dunguni kuwa adhabu, tena kali kuliko fimbo. Siku hizi, nikimwangalia alivyokonda mikono, nafahamu kwamba alikuwa anaomba. Kitu pekee nilichorudi nacho kutoka Kibiti kilikuwa hadithi, na yeye alikuwa anadai sehemu yake ya kile kilichonunuliwa kwa jasho lake. Alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Kula. Ukimaliza, mrudishe mbuzi wa watu kwao. Kisha uje ukae hapa unihadithie huo mchezo wote, usiruke hata kidogo, nijue mwaka huu tumekula nini."