Mfumo Niliomchagulia Fundi wa Magauni

Kuchagua mfumo wa kuendeshea tovuti ni kazi ya mtu aliyelala vizuri, na mimi nilikuwa sijalala vizuri tangu nilipokimbia Bukavu. Asubuhi nilifundisha kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, mchana nilitengeneza mashine za watu, na kila nilipopata kibali cha kutoka nilikwenda Lilongwe, kwenye kafe ya intaneti ya Chilinde. Nilikaa mbele ya skrini chafu huku mwenye kafe akinitazama kana kwamba nimekuja kumaliza umeme wake. Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza baada ya 2010, wakati kila mtu alikuwa anatuambia mtandao utatukomboa. Mimi ulinichosha tu.

Kazi hiyo aliniletea jirani yangu, mama mmoja fundi cherehani. Kwetu Bukavu alikuwa anashona magauni ya arusi, na mabibi arusi walikuwa wanamngojea sebuleni kwa zamu. Dzaleka alikuwa anatia viraka na kufupisha suruali. Ila alikuwa na gauni moja la mfano, alilolishona hapa hapa kambini kwa kitambaa alichokikusanya kidogo kidogo, lenye dantela, ile lesi ya maua, mikononi na shanga kifuani. Alilitundika ukutani ndani ya mfuko wa nailoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

"Mwana," aliniambia, "macho yangu inaanza kuchoka. Kabla izimike, nataka nishone tena robe ya mariage. We unajua mashini. Bibi arusi wa Lilongwe akitafuta fundi mu internet, anikute mi."

Nilimwambia, "Sawa, Maman." Ningemwambia nini?

Nilijaribu mifumo mitatu. Wa kwanza ulikuwa na nguvu kupita haja yangu. Kubadilisha neno moja kulitaka kufungua kurasa saba, na anwani zake zilijaa namba na alama za kuuliza, vitu ambavyo injini za utafutaji hazivipendi, na mimi sivipendi pia. Wa pili ulipendeza macho: unavuta picha, unaiachia, ukurasa umekuwa tayari. Lakini ulikuwa mzito kama gunia la mahindi. Kwa intaneti yetu, ukurasa ulifunguka kwa muda ambao mtu angesonga nsima, ugali wa huku, akala na kuosha sahani. Bibi arusi gani angengoja hivyo? Wa tatu ndio niliouchukua. Ulikuruhusu kuandika anwani ya kila ukurasa kwa maneno ya kawaida, na kuweka kichwa chake na maelezo mafupi ambayo mtafutaji angeyaona kwanza. Kila picha ungeiandikia ni picha ya nini, kwa kuwa injini haina macho ya kuona dantela. Na mama mwenyewe angeweza kuongeza picha kwa simu yake. Nilijiona hodari siku hiyo, nakiri.

Wakati wa kuusimika, mfumo uliniuliza maswali machache. Moja lilikuwa kisanduku kidogo tu: unataka tovuti hii ifichwe, injini za utafutaji zisiionyeshe? Nikaweka tiki. Nalisema mapema ili nisije kujitetea. Hakuna aliyenilazimisha wala sikulewa. Lakini mtu aliyevuka mipaka miwili akitaja jina lake nusu, akajifunza kwenye kila ofisi kuandika machache iwezekanavyo, ukimwuliza kama anataka kufichwa, anakubali. Hafikiri. Mkono wangu ulikubali, nami nikaenda kwenye swali linalofuata.

Kisha nikatanguliza picha ya lile gauni la ukutani, nikaweka namba ya simu ya mama, nikajitesa wiki nzima kuchagua maneno. Fundi wa magauni ya arusi, Lilongwe. Nikaandika kwa Kiingereza, nikaongeza Kichewa nilichoulizia sokoni, nikapima urefu wa kila kichwa. Nilipotafuta sikuiona tovuti yetu. Nikasoma mahali kwamba tovuti mpya hukawia kuonekana, nikatulia. Sisi kungoja ndiyo shule yetu. Faili langu la ukimbizi lilikuwa limelala ofisini miaka, na kila nilipouliza niliambiwa liko kwenye mchakato. Basi nikajiambia tovuti nayo iko kwenye mchakato. Mtu wa Area 18, mtaa wa wenye ofisi zao Lilongwe, angeshtuka baada ya mwezi mmoja. Mimi nilingoja misimu miwili ya mvua.

Na mama alikuwa anauliza. Kila niliporudi kutoka mjini alisimamisha cherehani.

"Banaangalia?"

Nilimwambia wanaangalia. Sikudanganya, au sikujua kwamba ninadanganya. Mfumo ulikuwa na kihesabu cha wageni, na kihesabu kilikuwa kinapanda: kumi na wawili, thelathini, hamsini na kitu. Nilimpelekea namba hizo kama zawadi. Haikunipitia akilini kwamba kila nilipoifungua tovuti pale Chilinde kuona kama iko hai, kilikuwa kinanihesabu mimi.

"Banaangalia na habapigi simu," alisema siku moja. Nilikuwa nimechoka mno kutafuta sababu.

Jumapili ya komunyo ya kwanza niliwaona mabinti wanne wakipanda kwenda altareni. Mikononi mwao niliijua ile dantela. Baada ya misa nilimfuata mama nje ya kanisa.

"Maman, lile gauni?"

"Nililikata. Robe yenye batu hamsini banaiangalia na banaikataa, nitaifanyia nini? Kumbe njo vile, kazi yangu imekuwa ya zamani." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kisha akaenda kuwapiga picha wale mabinti.

Ukweli niliupata wiki chache baadaye. Nilikuwa Area 18 natengeneza kompyuta ya ofisi moja, na fundi mwenzangu, Mmalawi, akaomba kuiona tovuti ninayojisifia. Alipitia mipangilio yake kwa dakika tatu, akacheka, akaniuliza kama ninatafutwa na polisi. Akanionyesha kwa kidole kile kisanduku. Niliitoa tiki mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Njia nzima ya kurudi Dzaleka nilijishauri ninyamaze. Lakini nilikumbuka namna alivyosema kazi yake imekuwa ya zamani, na niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Nikaenda moja kwa moja kwake, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo hakuna mutu aliyeiona?"

"Hakuna, Maman."

"Na bale hamsini?"

"Ni mimi."

Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Basi habakuikataa," alisema polepole. Halafu akaniambia, "Uende. Leo sitaki kukuona."

Nilikwenda. Tulisalimiana kwa mbali kwa karibu mwezi mzima, na hakuna siku nilizochoka kama hizo.

Siku aliyoniita, simu ilikuwa mkononi mwake na uso umemjaa wasiwasi. Msichana wa Lilongwe alikuwa ameikuta tovuti, anaongea Kichewa cha haraka, mama hakifuati. Nikaweka sauti juu nikawa mkalimani. Msichana alikuwa mchangamfu. Anaolewa, amezunguka maduka yote, hajaona gauni kama lile la picha ya kwanza, lenye dantela mikononi. Anauliza kama bado lipo.

Nilimtafsiria mama nikitazama chini.

"Umuambie iliuzwa," alisema.

"Maman..."

"Umuambie iliuzwa siku ya kwanza."

Nikamwambia hivyo. Msichana akasema kitu kifupi.

"Anasemaje?"

"Anaomba samahani. Anasema kumbe amechelewa."

Mama aliinua mikono yake karibu na macho, akazitazama ncha za vidole, akaishusha.

"Umuambie si ye alichelewa," alisema. Alinitazama mpaka nikatafsiri.