Kinga ya Springi Mbili

Mke wangu alianguka na pikipiki saa nne ya asubuhi, kwenye njia ya Musonoi, akipeleka sare za kwaya alizokuwa amezishona mwenyewe. Dereva alikwepa lori la madini, gurudumu la mbele likaingia shimoni, na yeye aliyekuwa nyuma akatua kwa mgongo juu ya mawe. Mimi nilikuwa darasani nikifundisha kugawanya. Mwalimu mwenzangu alikuja akasimama mlangoni bila kuingia, na kwa jinsi alivyosimama nikaiweka chaki chini kabla hajasema neno.

Hakufa. Alilazwa wiki nyingi, akatoka na mguu wa kushoto uliokuwa unamtii ukipenda wenyewe. Daktari alitueleza kwamba mfupa wa mgongo umeunga vizuri, lakini mishipa inayoshuka mguuni imeumia, na dawa yake ni mazoezi. Mara tatu kwa wiki aende Manika, mjini Kolwezi, kwa mtaalamu wa viungo. Asipokwenda, mguu utakauka.

Kutoka kwetu hadi kwenye lami ni njia ya udongo mwekundu, imekwanguliwa na malori mpaka ikawa matuta matupu. Gari halikubali kuingia huko ila kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu hauifikii. Tukabaki na pikipiki zile zile. Nilimpandisha, nikamwomba dereva aende polepole, naye akaitika, na kufika kona ya kwanza alikuwa ameshasahau. Mke wangu alifika Manika akitetemeka, jasho limemlowesha kifua, na mtaalamu alitumia nusu ya muda wake kumpumzisha tu. Njia ya kurudi ilimwaga yote aliyoyapata kule. Baada ya mwezi alikuwa anatembea vibaya kuliko siku alipotoka hospitali.

Siku moja nikitoka shuleni nilimwona mgeni, nadhani mhandisi wa mgodi, akiteremka njia yetu kwa baiskeli. Kwetu baiskeli ni kinga. Nimeona kinga maisha yangu yote, zile nyeusi nzito zinazobeba magunia ya makaa, lakini ile haikuwa kama hizo. Ilikuwa na springi mbele na springi nyuma, na ilipopita juu ya matuta magurudumu yalipanda na kushuka kama magoti ya mtu anayecheza ngoma, huku mwenye kukaa juu hatikisiki. Niliutazama mgongo wake mpaka akapotea. Mgongo wake ulikuwa umetulia kabisa.

Jioni ile tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikamweleza mke wangu. Nilisema nikipata kinga ya namna hiyo nitampeleka Manika mimi mwenyewe, kabla ya masomo, polepole, bila maumivu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Uza mashine," alisema.

"Mashine gani, mama?"

"Mashine yangu ya kushona. Mi sikanyage tena. Iko inakula mavumbi tu."

"Na ukipona utashonea nini?"

"Kwanza nifike kule kwenye kupona."

Mwanamke aliyeinunua alikuja na mkokoteni. Mke wangu alikuwa ameipaka mafuta tangu asubuhi, amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooka mbele. Alimwonyesha yule mwanamke namna ya kupitisha uzi, akamwambia, "Usikaze sana uzi wa chini, haipendi." Kisha akaingia ndani, na mkokoteni ukaondoka yeye hayupo.

Nyuma ya soko la Manika kuna muuza kinga, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Yeye na ndugu zake husafirisha bidhaa kutoka mpakani, na kinga zake nyingi ni za mitumba, zimetumiwa na watu wa mbali. Binti yake alipita darasani kwangu, kwa hiyo alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti na kahawa.

"Sasa, mwalimu, unatafuta kinga ya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu mambo. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Lakini palikuwa na wanaume wengine wawili wameketi, wananitazama, na ghafla niliona aibu kusema kwamba nimeuza mashine ya mke wangu ili nipate cha kumbebea. Nikaogopa pia kwamba akijua nina mgonjwa atajua nina shida, na mwenye shida hapewi bei nzuri. Nikasema, "Ya kwenda shule tu."

Alizishusha moja moja kutoka kwenye kulabu. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa, springi zake mbili nene kama mikono ya mtoto. Nilifurahi kuiona. Yeye akaukandamiza mkono juu ya kiti kwa uzito wake wote, na springi haikusogea hata kidogo.

"Hii ni mapambo, mwalimu. Resori, hizi springi, ni ngumu, chuma kizito. Batu banainunua juu ya rangi."

Ya pili ilikuwa nyepesi ajabu, naweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Haikuwa na springi ya chuma nyuma, bali mrija unaojazwa upepo. Alisema upepo ule unahitaji pampu yake maalumu, na pampu hiyo haiko Kolwezi, na hata Lubumbashi hajawahi kuiona. Siku upepo ukitoka, nimebaki na fremu.

Kisha akanipa ushauri ambao, kwa mtu niliyejifanya kuwa, ulikuwa mzuri. Aliniletea kinga yenye springi mbele tu, mipira minene, nyuma ngumu, na keria imara ya chuma.

"Kwa njia ya Musonoi chukua hii. Mipira utaipunguza upepo kidogo, itakuwa laini. Haitakusumbua hata siku moja, na resori ya nyuma itakula pesa yako bure."

"Nataka yenye ya nyuma."

"Juu ya nini? Wewe uko na mugongo muzima, tata."

Nilinywa kahawa. Wale wanaume wawili walikuwa bado wananitazama. Ningeweza kusema wakati ule, na ingechukua pumzi moja. Nilirudia tu kwamba nataka yenye ya nyuma.

Basi akanitolea ya nne, ya kijivu, imechubuka, springi ya chuma imelala chini ya kiti. Alikishika kiti akakinyanyua kidogo, akanisikilizisha mlio mdogo kwenye maungio. "Hapa panacheza, sikufiche. Fundi atakaza." Nikaikandamiza. Ilishuka taratibu, ikarudi taratibu, bila kuruka. Nikaipanda nyuma ya soko, kwenye mashimo ambayo magari ya mizigo huacha, na ikanipitisha juu yake kama vile mtu amenishika chini ya makwapa. Nadhani nilicheka peke yangu. Ilimaliza pesa yote ya mashine, na nilimshukuru nikaondoka nayo.

Nyumbani mke wangu alitoka na fimbo yake. Akaweka kiganja juu ya kiti, akakandamiza, akatabasamu. Nilikuwa sijaona tabasamu lile muda mrefu.

"Iko kama godoro," alisema. Halafu akaizunguka hadi nyuma. "Na mi nitakaa wapi?"

"Tutaweka keria."

Fundi wa kinga wa mtaani kwetu hutengenezea wabeba makaa. Aliigeuza kinga yangu juu chini, akaisukuma springi, akaitazama sana.

"Tata, keria inashika huku kwenye mukia, hapa kwa gurudumu la nyuma. Lakini hii mukia yake inacheza. Nikifunga keria hapa, itapanda na gurudumu, haina faida. Nikifunga huku juu, itaninginia."

"Ifunge huku juu."

"Itabeba mikate. Haitabeba muntu."

Nilimbishia. Mimi, mtu wa chaki, nilimchorea chini kwa kijiti namna uzito unavyogawanyika, na yeye akanisikiliza kwa adabu kwa sababu watoto wake wako shuleni kwangu. Mwishowe akatoboa fremu matundu manne, akaunga kiti cha chuma kinachonyooka nyuma juu ya gurudumu, nami nikakifunga sponji na kitambaa kilichobaki kwenye sare za kwaya.

Tulitoka siku ya Jumatatu, jua limekwisha kupanda. Majirani walisimama kututazama. Alikaa upande, mikono imenizunguka tumboni, na mita za kwanza, pale penye usawa, alisema kwa sauti ndogo, "Ni vizuri." Nilisikia pumzi yake mgongoni.

Tuta la kwanza, springi ilishuka mpaka mwisho ikagonga. Haikuwa imetengenezwa kwa watu wawili. Ilikuwa imetengenezwa kwa mtu mmoja, wa nchi fulani, anayejifurahisha mlimani. Kiti cha chuma kilipinda, kikakaa juu ya mpira, nikasikia mpira unaliwa. Tuta la pili alitoa mlio ambao sikuwa nimemsikia akiutoa hata hospitali. Nikasimama. Alishuka mwenyewe, akajishikilia kwenye ukuta wa mgodi, macho yamefumba, na malori mawili yakatupita yakatufunika vumbi jekundu.

Tulirudi kwa miguu. Fimbo hakuwa ameichukua, kwa hiyo nilimwambia aegemee kwenye kinga nami niisukume. Alijaribu. Kila alipoweka uzito juu ya kiti, kiti kilizama, akayumba. Hata kwa kuegemea haikufaa. Ikabidi niilaze kando ya njia, nimshike yeye, nimpeleke hatua ishirini, nirudi kuichukua, kisha tena.

Katikati ya njia aliniuliza, "Ulimuambia muuzaji kama ni mi nitakaa nyuma?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Nilipata haya."

Alitembea kidogo. "Haya ya mi?"

"Hapana, mama. Haya yangu mwenyewe."

Nimelisema jibu lile mara nyingi baadaye, jikoni, njiani, nikiwa nasahihisha madaftari, nikijaribu kulisema vizuri zaidi. Sidhani lilimfikia. Labda kwa sababu nami sikuwa na hakika kama ni kweli.

Niliirudisha kwa muuzaji. Safari hii hapakuwa na wanaume wengine, nikamweleza yote, na mashine pia. Aliyagusa yale matundu manne kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Mwalimu, mbona haukuniambia? Ningekupa ile yenye mipira minene na keria. Ningekuwekea godoro nyuma. Mama angefika."

"Unaweza kunibadilishia?"

"Ile niliuza siku tatu sasa. Na hii, na haya matundu yake, nani ataichukua?" Hakuwa na hasira. Aliagiza kahawa, tukanywa, na aliponisindikiza alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya kwenye matanga.

Mke wangu alijaribu pikipiki mara mbili tena. Mara ya tatu dereva alisimama mlangoni akipiga honi, na yeye hakuinuka kitandani. Sikumlazimisha. Yale mazoezi tuliyafanya nyumbani, mimi nikimkunja na kumkunjua mguu kama nilivyoona, lakini mikono yangu haikujua ilichokuwa inatafuta. Kiangazi kilipoingia paja lake lilikuwa jembamba kuliko mkono wangu.

Dada yake mkubwa anaishi Fungurume, ana kibanda cha chakula cha madereva wa malori, na karibu na kwake kuna zahanati yenye mtu wa mazoezi. Alikuja na gari la mume wake, akaangalia mguu, akaangalia kinga iliyoegemea ukutani, akaniangalia mimi. "Shemeji, mi ninaenda naye," alisema. Halikuwa swali. Mke wangu alikuwa ameshafunga nguo zake. Nilimbeba hadi kwenye gari. Alikuwa mwepesi, na nilipomweka kwenye kiti alininyooshea kola ya shati, akasema nisisahau kuloweka maharagwe.

Hiyo ni zaidi ya mwaka sasa. Jumapili moja kila mwezi napanda basi dogo kwenda Fungurume. Mara ya mwisho nilimkuta ameketi nje ya kibanda, anamenya vitunguu, magongo mawili yameegemea nyuma yake. Mtu wa zahanati alisema wamechelewa kumleta. Aliniambia hilo bila kunitazama, kama habari ya mtu mwingine, kisha akaniuliza kama mvua imeingia darasani. Nilimuuliza kama atarudi likizo.

"Nirudi kwa njia gani?" alisema, akaendelea na vitunguu.

Kile kiti cha chuma nilikifungua, fundi akabadilisha mpira na kukaza maungio. Kila asubuhi naipanda kinga kwenda shuleni. Muuzaji alisema kweli, kwa mwenye mgongo mzima springi ya nyuma ni anasa tu. Matuta yanapita chini yangu, malori yanapita kando yangu, na mimi sihisi kitu. Nafika na mgongo wangu mzima, nawaambia watoto wafungue madaftari.