Matoka ya Makaburini

Mimi ni mtu wa kupenda vitu vinyooke. Hata sufuria zangu nyumbani, mtaa wa Kahawa Sukari, zimepangwa kwa ukubwa, na watoto wangu wamenicheka mpaka wakachoka. Kwa hiyo kikundi chetu cha kutunza makaburi ya zamani ya Thika kilipotaka mtu wa kusimamia usafi kabla ya siku ya kumbukumbu, hakuna aliyebishana nami.

Sehemu ya mbele haikutusumbua. Kule kuna mawe ya kuchongwa, ya walowezi na ya matajiri wa zamani, tukayasugua kwa brashi. Kazi ilikuwa nyuma, walikozikwa vibarua wa mashamba ya kahawa na mkonge. Huko hakukuwa na jiwe hata moja. Kulikuwa na nyasi za kufika kiunoni, na ndani yake matoka yaliyoota ovyo, moja hapa, jingine pale. Itoka ni ua lenye kitunguu kikubwa ardhini, ambalo sisi Wakikuyu tunalipanda mpakani mwa shamba. Baba yangu na jirani yake waliacha kusalimiana kwa sababu ya mpaka, hadi wazee walipofyeka nyasi na kuonyesha itoka lilipo, kesi ikaisha palepale. Nimelelewa nikijua itoka haling'olewi. Lakini pale makaburini niliona maua mazuri yaliyokosa mpangilio.

"Ng'oeni yote," niliwaambia wenzangu. "Tutayapanda kando ya njia, mstari mmoja."

Mmoja wao alisita, akauliza kama si vizuri tuulize wazee kwanza. Nikamwambia tuna tenti ya kusimamisha na viti vya kupanga hapo. Jioni ile njia ilipendeza kweli, nikaipiga picha.

Siku yenyewe kwaya iliimba, familia za Kihindi zikaleta chai na sambusa, watoto wa shule wakakariri mashairi. Nilikuwa nazunguka kama mama wa bibi harusi, nikipokea pongezi. Ndipo nikamwona nyanya mmoja, aliyekuja na kanisa lake kutoka Kiuu, akipita katikati ya viti kule nyuma. Alikuwa akiinama, akisogeza kiti, akiinama tena. Nikadhani ameangusha kitu.

"Shosho, umepoteza nini?"

"Itoka yangu," akasema. "Nilipanda hapa, kwa kichwa ya mtoto wangu. Tulikuwa tunachuma kahawa huko juu, akakufa akiwa bado ananyonya. Sasa ona, ni viti tu. Ngai! Imeenda wapi?"

Matoka yote yalikuwa kando ya njia, yamenyooka, yanafanana, na hakuna mtu duniani ambaye angejua lipi lilitoka wapi. Nilipaswa kumwambia hivyo. Nilipaswa kusema, ni mimi.

"Tuliyasogeza kidogo, Shosho," nikasema. "Lako lilikuwa hapa." Nikanyoosha kidole karibu na nguzo ya tenti, kwa sababu tu hapakuwa na kiti.

"Una uhakika, mami?"

"Nina uhakika."

Akapiga magoti pale. Akaondoa kokoto kwa vidole, akazungumza na ardhi kwa sauti ya chini, akilia kidogo, akicheka kidogo. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniombea baraka, kwani macho yake yalikuwa yameanza kufifia na alikuwa akiogopa kwamba siku moja angempoteza mtoto wake. Nilisema amina. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau kwa amina ile.

Kesho yake nilirudi peke yangu, nikachimba itoka moja kando ya njia, lolote tu, nikalipanda pale nilipoonyesha. Tangu hapo, kila tunapofanya usafi anakuja kulimwagilia maji, na ananiletea ndizi.

Mwezi uliopita alikuja na binti yake. Akamwambia, "Huyu ndiye alinichungia kaka yako." Binti akanishukuru, naye akaniomba kitu kimoja. Wanataka kuweka jiwe dogo lenye jina la mtoto kabla mama hajapofuka kabisa, na fundi anakuja Jumamosi. Wangependa niwepo, nimwonyeshe pa kuchimba.

Nimewaambia nitakuja.