Chupa ya Kizibo Chekundu

Ng'washi alikuwa akitwanga tangawizi kana kwamba ndani ya kinu kuna mtu. Na mtu mwenyewe alikuwepo moyoni: Kwandu, wifi yake, dada wa tumbo moja na mumewe Mayige.

Wifi gani yule! Pasaka iliyopita alikaribishwa hapa hapa Bariadi, akaishambulia nyama ya mbuzi bila huruma, akashushia na kokteli ya Ng'washi, ile ya mchaichai yenye kutoa povu. Tumbo likamsokota. Badala ya kuilaumu nyama, akaenda kutangaza sokoni: "Kinywaji kinachemka bila moto! Mwanamke yule ana mkono mbaya."

Basi, neno likitoka halirudi. Wanajumuiya wa kanisani walimwondoa Ng'washi kwenye zamu ya birika la chai wakampa ufagio. Mgeni akipewa maji kwake alisema hana kiu, na midomo imempasuka kwa jua. Ng'washi alilia, kisha akaacha kulia, akasubiri.

Mungu si Athumani. Winnie, binti wa Kwandu, akachumbiwa. Baba yake alishafariki, kwa hiyo wakwe wangepokelewa kwa mjomba Mayige. Yaani jikoni kwa Ng'washi.

Alichemsha mchaichai na mnanaa, akachuja, akaacha ipoe kabisa, maana chachu ukiitia kwenye kinywaji cha moto umeiua. Chachu hiyo aliilea mwenyewe kwenye kopo, tangawizi na sukari, akiilisha kila asubuhi mpaka ikatoa mapovu. Akachanganya, akakamua malimau, akajaza chupa za plastiki na kuziacha pembeni mpaka zikawa ngumu ukizibonyeza. Ndipo akazitia kwenye friji. Zote zilitoka sufuria moja, ila moja aliifunga kizibo chekundu.

"Mwadila!" wakwe kutoka Mwandoya wakaingia wakisalimu kwa Kisukuma, wakiongozwa na Mzee Bundala, baba wa bwana harusi. Majirani wa jumuiya nao walikuwepo. Desturi ya huku, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna ubaya. Ng'washi alifungua chupa, chiiis, akaonja, akamimina.

"Ala! Kinapiga mpaka puani!" Bundala akacheka. "Ongeza, mama."

Ilipofika zamu ya Kwandu, Ng'washi alileta ile ya kizibo chekundu. Akajaza bilauri, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Hakuonja.

"Onja kwanza, wifi," Kwandu alinong'ona.

"Ya nini? Kwani wewe mgeni?"

Kwandu akaanza kutoka jasho. Bundala akageuka. "Mama mkwe, mbona hunywi? Kuna neno nyumba hii?"

Hapo sasa! Akikataa, wakwe watauliza sababu. Akiitaja, watajua wanaoa kwenye ukoo wenye uchawi, na Winnie atabaki. Mchimba kisima kaingia mwenyewe. Kwandu alifumba macho, akanywa.

"Malizia, wifi. Haya, waambie wakwe kina nini."

"Mchaichai," Kwandu alisema. "Tangawizi. Limau."

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako ni mzuri," Kwandu alisema, na wanajumuiya wote wakasikia. Mwenyekiti wao akanyoosha bilauri yake aongezewe. Ng'washi aliona raha, tena raha kubwa, wala hakuona haya kuiona.

Posa ikakubaliwa. Wakwe walipoondoka, Kwandu alimfuata jikoni, ameshika tumbo lisilouma. Ndani ya ile chupa ya kizibo chekundu kulikuwa kumebaki funda moja.

"Wifi, nakuomba kwa jina la marehemu mama. Nawe onja hiki kidogo tu, nilale."

Ng'washi aliichukua chupa, akaitazama, akaimwaga yote mlangoni.

"Sina kiu," akasema.