Fundi Honi na Picha ya Mwisho ya Bi Mkubwa

Mume wa dada yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kujua sifa zake waulize watu aliowaacha wamevaa suruali zenye pini. Kibanda chake kiko karibu na reli. Honi ikilia tu, mkasi chini, kamera shingoni, mbio! Mteja anabaki mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Ndiyo maana mji mzima unamwita Fundi Honi. Mimi mwenyewe, ninayeijua reli kuliko walioijenga (shule niliiacha njiani, akili nikaondoka nayo), nimewahi kwenda harusini na koti la mkono mmoja kwa sababu yake.

Treni zote alizipiga picha, lakini kipenzi chake kilikuwa injini moja kuukuu ya kijani, aliyoiita Bi Mkubwa.

"Haya," dada akasema, "mimi ndiye mke mdogo, niliyeolewa kufua."

Alisema akicheka. Miaka ikaenda, akawa anasema bila kucheka.

Kisha macho ya Fundi yakaingia ukungu. Sindano ikamshinda, kibanda akakifunga. Kamera hakuiacha. Akajifunza kupiga picha kwa masikio: anausikiliza mngurumo ukija, ukimfika kifuani anabonyeza. Na picha zilitoka, usibishe. Nyingine zilikatwa kichwa, lakini zilitoka.

Mwezi uliopita, mlinzi wa kivuko cha reli akaninong'oneza kwamba Bi Mkubwa anapelekwa kukatwakatwa, auzwe chuma chakavu. Nikamfikishia shemeji habari. Akaipapasa kamera yake.

"Mkandani imebaki picha moja," akasema, "na mikanda hii siku hizi haipatikani tena. Hiyo ni yake. Nipeleke, shemeji."

"Umepata kiongozi wa msafara," nikamwambia. "Nikisimama mimi, hata treni inapunguza mwendo kunisalimu."

Tukasimama kando ya reli, jua likituchoma visogo. Mngurumo ukaja. Akainua kamera. Nilipoona kidole kinajikunja, nikamdaka mkono.

"Bado! Huyo ni mwingine, anamvuta. Wako yuko nyuma, anaburutwa."

"Mbona simsikii?"

"Wamemzima, shemeji. Hana sauti."

Injini mpya ikapita ikijitapa. Nyuma yake akaja Bi Mkubwa, madirisha hayana vioo, kutu imempanda hadi shingoni.

"Ndiye huyu! Sasa! Bonyeza, mzee, bonyeza!"

Hakubonyeza. Kamera ikashuka taratibu hadi tumboni.

"Ndani yupo mtu?"

"Hamna."

"Mimi sipigi picha maiti," akasema, akageuka kutafuta bega langu.

Tukarudi tukijikokota. Mimi, ambaye mdomo wangu haujui likizo, nilitafuta mzaha njia nzima, nikakosa hata wa kuazima.

Dada alikuwa mlangoni, ameinamia beseni la nguo.

"Umempata mwenzangu?"

"Sikumpata."

Fundi akasimama palepale uani, akainua kamera.

"Sema kitu, nijue ulipo."

"Mimi? Leo? Na povu hili?"

"Sema tena."

Dada yangu, ambaye ukimpa salamu anakurudishia hotuba, akaniangalia mimi kana kwamba nimekunywa kitu na mumewe. Akakaa kwenye kizingiti, akafuta mikono kwenye gauni, nywele akaziacha zilivyo. Fundi akangoja, kidole juu ya kitufe, jinsi alivyozingoja treni zote zile.

"Nimechoka, mume wangu," dada akasema.

Kamera ikalia.