Shangazi Rasoa na Malkia

Juzi, katika duka la vitabu pale Adams Arcade, niliona riwaya mpya ya shangazi yangu Rasoa, joka jekundu likijaza jalada zima. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Mutuini, nyumba ikinuka moshi na githeri, mahindi na maharagwe jikoni. Chumbani shangazi alikuwa akiunguruma:

"Nipe taji, malkia, au leo wajifia!"

Kisha alijijibu kwa sauti nyembamba, akilia. Sikujua kwamba waandishi hugombana peke yao, tena kwa vina. Nilidhani amevamiwa. Nikamwita mama, akaja mbio na mwiko.

"Ni mchezo wa kuigiza naandika," shangazi akasema huku akicheka.

"Na malkia atakufa?" nikauliza.

"Bado sijui. Wewe unaonaje?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri sana.

"Aishi," nikasema.

Shangazi akaketi, akafuta mistari, akaanza upya.