Mama Mashine Azimapo Dizeli

Mtaa mzima ulimwita Mama Mashine. Tangu mumewe afariki, yeye ndiye aliyewasha na kuzima jenereta kubwa ya dizeli iliyogawa umeme kwa nyumba za jirani, na chumba chake kilipakana na banda la mashine hiyo ukuta kwa ukuta. Kibarazani pake ndipo watu walipochaji simu, walipotazama mpira na kuteta waliokosekana. Hakuwahi kwenda kwa mtu. Aende wapi, na dunia yote inamjia?

Kisha zikaja paneli za sola. Dizeli ilikuwa imepanda bei, mara ipo, mara haipo, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Kila nyumba ikaweka paneli juu ya bati, kila mtu akachaji kwake. Mashine ikazimwa. Kimya kilimganda Mama Mashine kama nguo mbichi. Ikawa jioni anatoa viti nje, kisha anavirudisha ndani bila kukaliwa.

Siku moja mwalimu wa sayansi akaleta darasa lake bandani.

"Mafuta haya yalichukua mamilioni ya miaka kufanyika ardhini," aliwaambia. "Tukiyachoma, basi, hayarudi. Ndiyo maana tunasema si nishati jadidifu. Lakini jua na upepo, tumia leo, kesho utavikuta."

Msichana mmoja akamgeukia mwenye banda. "Bibi, wewe unapenda ipi?"

"Jua, mjukuu wangu. Kifua hiki kimekula moshi wa kutosha." Akapapasa ubavu wa mashine. "Ila hii ilikuwa inaniletea watu."

Watoto wakacheka, wakidhani ni mzaha. Naye akacheka nao, ili wasiondoke mapema.

"Mtarudi lini, mwalimu?"

"Mwakani, mama. Na darasa jingine."

Mwakani! Walipokwisha kwenda alisimama bandani hadi miguu ikamuuma. Halafu akajitanda mtandio, akavuka njia mpaka kwa fundi cherehani, mlango ambao hajawahi kuupigia hodi.

"Karibu, shangazi!" Fundi alishtuka. "Kuna nini? Taa zimegoma?"

"Taa zinawaka. Nimekuja kukaa tu."

Fundi alimtazama, kisha akaondoa vitambaa kwenye stuli. Alikuwa na kazi nyingi na maneno machache. Alimmiminia chai, akarudi kushona, na chai ikapoa. Lakini kesho yake Mama Mashine alirudi.